Ukoo wa Bihogo

Jumatatu, 3 Juni

Kagoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Namba 7. Joto 38.4. Pumzi 26 kwa dakika. Maziwa ya asubuhi lita sita. Damu, chupa mbili. Hakurusha teke. Mwenye ng'ombe, Ta Projestus, alimshika pembe huku akilalamikia ukame, kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga mvua.

Ijumbi saa mbili kasoro robo. Namba 4, kwa Ma Adventina. Joto 38.9. Pumzi 34. Maziwa lita tatu na nusu. Mwezi uliopita alikuwa anatoa sita. Nyasi za rweya, ile mbuga ya kule juu isiyolimwa, zimeshakauka, na huyu ng'ombe anazinusa tu na kuziacha.

Ma Adventina ni mjane, mtu wa misa ya asubuhi, haongei sana. Alinipa kahawa ya kutafuna. Sikuitaka. Nikatafuna.

Bukoba kabla ya saa tano. Damu ikichelewa kufika maabara seli zinakufa na siku nzima imeharibika. Mgongo unauma kwa sababu ya pikipiki. Nimefika umri wa kuwa na gari.

Alhamisi, 6 Juni

Msimamizi wangu amepiga simu kutoka chuoni. Anasema nikishindwa kueleza utafiti wangu kwa sentensi tatu, basi siujui. Nimeandika hivi:

Kila seli ya ng'ombe ina tanuri ndogondogo, mitokondria, zinazochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Tanuri hizo zina jeni zake zenyewe, na jeni hizo hurithiwa kwa mama peke yake. Je, chotara mwenye mitokondria za mama wa kienyeji huzitumia nyasi kavu za kiangazi tofauti na chotara mwenye mitokondria za mama wa kigeni?

Nikamsomea. Akasema si mbaya. Kwake hiyo ni sifa.

Ng'ombe kumi na wawili, wote wa Muleba, wote chotara. Sita ni uzao wa mama wa kienyeji. Sita ni uzao wa mitamba wa mradi, ambao mama zao walikuwa wa kigeni. Kanuni ya mradi inajulikana na kila mtu: unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampeleka kwa familia inayofuata, wanaobaki ni wako. Kamati ya mradi ina kadi ya kila ng'ombe na kadi ina jina la mama. Ndiyo sababu nilichagua Muleba. Ningepata wapi pengine nasaba za kike zilizoandikwa?

Namba 4 na namba 7 ni dada kwa mama. Mama yao ni mtamba aliyepewa Ma Adventina. Nyumbani kwake walimwita Mradi tu. Namba 7 ndiye mzaliwa wa kwanza, akapelekwa Kagoma kwa Ta Projestus. Namba 4 alizaliwa baadaye, akabaki Ijumbi. Mradi mwenyewe alishakufa.

Nilipomwambia Ta Projestus kwamba ukoo ninaoufuata unapita kwa mama, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Ukoo ni wa baba na muziro, mwiko wa ukoo, ni wa baba, alisema. Ng'ombe wako wa maabara hawana adabu.

Jumanne, 11 Juni

Nimepanga vipimo vya mwezi mzima kwenye karatasi moja. Oksijeni inayotumiwa na seli kwa dakika. Nilitegemea fujo. Badala yake makundi mawili yamejitenga vizuri. Seli za uzao wa kigeni zinachoma haraka. Za uzao wa kienyeji zinachoma polepole, na maziwa yao yamepungua kidogo tu tangu mvua iishe.

Isipokuwa namba 7. Kadi inamweka kundi la kigeni. Seli zake zimekaa na kundi la kienyeji, katikati kabisa, kama mgeni aliyejikaribisha mezani.

Ng'ombe kumi na wawili hawathibitishi kitu. Najua. Lakini huyu mmoja ananikera.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudia namba 7. Nimebadilisha dawa, nimesafisha mashine, nimepima mara tatu. Yale yale.

Ijumaa, 21 Juni

Majibu ya vinasaba yamekuja. Damu na nywele za mkia zilipelekwa kwa bahasha mbili, siku mbili tofauti. Majibu yamekubaliana.

Dada kwa mama mmoja lazima wafanane mitokondria herufi kwa herufi. Namba 4 na namba 7 hawafanani hata kidogo. Namba 4 ana ukoo wa ng'ombe wa Ulaya, kama kadi inavyosema. Namba 7 ana ukoo wa ng'ombe wetu. Hakuzaliwa na Mradi. Haiwezekani.

Msimamizi kwenye simu: "Mtoe huyo. Chupa zimechanganyika, inatokea kwa kila mtu." Chupa zangu hazichanganyiki. Ninaandika namba kabla ya kutoboa mshipa, si baada. Nilimkatia simu kwa heshima, lakini nilimkatia.

Jumatatu, 24 Juni

Mdomo umeniponza.

Namba 7, lita tano na nusu. Katikati ya kiangazi. Ta Projestus alikuwa anajisifu kwa jirani yake juu ya ukuta wa migomba, kwamba hivi ndivyo ng'ombe wa mradi alivyo, damu ya kizungu haidanganyi. Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia kwamba kwa upande wa mama huyu hana Uzungu wowote. Nilisema kwa kufurahia, naandika hapa ili nisijisahau. Nilitaka kumwona akikosa la kusema.

Hakukosa. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi nilipewa ente wa nani?" Nikasema sijui bado. Akauliza tena, taratibu, mbele ya yule jirani, "Adventina alinipa ndama wa nani?"

Nilifunga sanduku la barafu nikaondoka. Ndoo ya lita tano na nusu ilikuwa bado iko mkononi mwake.

Jumatano, 26 Juni

Mwenyekiti wa kamati amepiga simu. Ta Projestus amepeleka malalamiko. Anasema alidanganywa: mwenzake alibaki na uzao wa mradi, yeye akasukumiwa ndama wa kienyeji.

Kanuni iko wazi, mwenyekiti alinisomea. Aliyetoa ndama asiye wa mradi hajatoa kitu, na ng'ombe aliye naye anarudi kwa kamati. Maana yake namba 4 anaondoka Ijumbi. Ma Adventina hana ng'ombe mwingine. Migomba yake yote inakula samadi ya huyo mmoja. Bila samadi, udongo wa kule Ijumbi unatoa mikungu ya kuonea aibu.

Mwenyekiti anataka majibu yangu kwa maandishi. Kikao ni tarehe 13 Julai. Akanikumbusha kwamba kwenye barua ya ruhusa niliahidi kuipa kamati majibu ya kila ng'ombe. Niliahidi. Nilisaini kwa wino wa bluu na nikamshukuru.

Njia rahisi ninaiona. Niandike kwamba chupa zilichanganyika. Msimamizi ameshanipa hata maneno. Malalamiko yanakufa, mama anabaki na ng'ombe wake, na anayeonekana mzembe ni mimi peke yangu. Nimewaza hivyo wakati naosha vyombo vya maabara. Sikuchukizwa na wazo lenyewe. Nilichukizwa na kuitwa mzembe.

Ijumaa, 28 Juni

Ijumbi. Sikwenda kupima. Nilimkuta anageuza kahawa uani. Hakuna aliyekuja kumsaidia kuchuma mwaka huu; kila mwaka wanawake wanane wa pale wanachumiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Habari za Kagoma zimeshafika.

Nikamwuliza moja kwa moja. Hakukwepa. Alikaa kwenye mkeka, akasimulia huku anachambua kahawa mbovu.

Wiki moja, miaka ile. Mradi alizaa ndama mfu. Siku ya tatu ng'ombe wake wa kienyeji, Bihogo, akazaa jike salama, kisha akafa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Ng'ombe mwenye maziwa bila ndama, ndama bila ng'ombe mwenye maziwa. Kila mtu wa huku anajua la kufanya. Walimchuna yule ndama mfu, wakaipaka ngozi chumvi, wakamvisha ndama wa Bihogo. Mradi akamnusa, akamlamba, akamwachia chuchu. Walimvua ngozi ilipoanza kunuka, na Mradi hakumkataa.

Kwao ngozi ikishakubaliwa jambo limekwisha. Jina la ng'ombe aliyezaa halitajwi tena pale nyumbani, eti ukilitaja yule mnyonyeshaji atasikia na kumpiga ndama teke. Wakamwita ndama wa Mradi. Miaka yote hiyo wamemwita hivyo.

"Ulikuwa na habari kwamba unatoa ndama wa Bihogo?" nilimwuliza.

"Nilitoa ndama wa kwanza aliyenyonya kwa ng'ombe wao," alisema. "Ningefanyaje, mwanangu? Ningewapa yule mfu?"

Nilimhurumia, na huruma haiwekwi kwenye jedwali.

Jumamosi, 29 Juni

Nilipita ofisi ya kamati kuomba kadi za asili, zile zilizojazwa zizini. Hadi leo nilikuwa natumia nakala zilizochapwa.

Kadi ya namba 7. Jina la mama: Mradi. Aliyejaza hakuweka jina lake, lakini saba yenye mstari katikati na herufi g yenye mkia mrefu ninazijua. Ni mwandiko wangu. Nilikuwa afisa mifugo huku Muleba miaka miwili, kabla ya kuhamia Bukoba. Nilizunguka na kadi nyingi. Siikumbuki siku hiyo. Hata mji ule wa Ma Adventina siukumbuki. Nilimkuta ndama ananyonya, nikaandika jina la aliyemnyonyesha, nikapanda pikipiki.

Sikuuliza. Nilikuwa nimetoka chuo, najua kila kitu.

Nimeiangalia kadi hiyo nusu saa. Najiona mjinga, na najiona mwenye hasira na yule binti aliyekuwa mimi. Mwenyekiti akaniuliza kama nimepata nilichotaka. Nikasema nimepata.

Jumanne, 2 Julai

Vipimo vya kawaida. Namba 4 lita mbili na nusu. Namba 7 lita tano na nusu.

Jambo moja la kisayansi, niliandike kabla hasira haijanifunika. Namba 7 alinyonya maziwa ya Mradi tangu siku za kwanza, akalelewa kwa Mradi, akabebeshwa hata harufu ya mtoto wa Mradi. Seli zake hazikubadilika hata chembe. Zinachoma kwa mtindo wa Bihogo. Huyu ndiye mnyama bora kuliko wote niliowapima, kwa sababu malezi yanasema hivi na mitokondria zinasema vile. Hakuna mtafiti ambaye angeweza kumpanga. Walimpanga watu wa Ijumbi kwa kisu na chumvi.

Kwa hiyo sitasema chupa zilichanganyika. Sitajifanya kwamba ni kwa ajili ya haki tu. Namtaka huyu ng'ombe kwenye tasnifu yangu.

Ijumaa, 5 Julai

Nilikwenda Ijumbi kumwambia Ma Adventina nitakachosema tarehe 13: majibu ni ya kweli, na kadi niliikosea mimi. Nilimwambia mwandiko ni wangu. Nilitegemea atanisema. Alininyanyua kutoka kwenye kibao nilichokalia, akanipa kingine kwa sababu kile kilikuwa kimevunjika mguu.

Halafu akauliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo hiyo mashine yako inasema yule wa Kagoma bado ni wa Bihogo?"

Ndiyo, nikamwambia. Kwa tanuri zile ndogo, ni wa Bihogo, na Bihogo ni wa mama yake, na kuendelea. Ngozi haikugusa kitu.

"Na watoto wake majike?"

Na wao pia.

Hapo ndipo alipoanza kusimulia. Nikapata habari kidogo kidogo. Ma Adventina alipewa Bihogo na mama yake mzazi, siku alipofiwa na mume. Na mama yake huyo alimpata bibi wa Bihogo kutoka kwa mama yake naye. Wanaume wa familia hawakuwahi kumhesabu katika mali yao, alikuwa ng'ombe wa wanawake. Bihogo alipokufa kwa ndigana, Ma Adventina alisema ukoo huo umeishia mikononi mwake. Ndama alikuwa hai pale pale uani, lakini alishavishwa ngozi, na kwa desturi alishakuwa wa wengine. Hakumlilia mbele ya watu. Ng'ombe haliliwi, alisema, wakati naona analia.

Sijui kufariji watu. Nilimsaidia kuingiza kahawa ndani.

Jumatano, 10 Julai

Ripoti ya kamati imekamilika, kurasa mbili. Nimeandika kwa lugha ya kueleweka. Sentensi ya kwanza inasema kadi ya namba 7 ina kosa na kosa ni langu. Nimeifuta mara nne na kuirudisha mara nne.

Jumamosi, 13 Julai

Kikao kwenye ghala la kahawa, Kagoma. Wanakamati saba, mabenchi mawili, na watu wengi waliosimama mlangoni ambao hawakualikwa.

Ta Projestus alisema kwanza, na alisema vizuri. Amevaa koti. Alinyimwa haki yake, alilea ng'ombe wa bandia, anataka ng'ombe halisi wa mradi aliyeko Ijumbi. Alirudia neno bandia mara tano. Nilihesabu.

Nikasoma ripoti yangu. Sentensi ya kwanza nilianza upya mara mbili. Watu wa mlangoni wakaguna. Mzee mmoja wa kamati alisema kwa sauti kwamba ofisa asiyeuliza ni hasara. Nikakubali. Nilieleza ngozi, na hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Wengi walikuwa wanatikisa vichwa. Hata mwenyekiti alisema baba yake alifanya hivyo mara mbili.

Mambo yakaanza kulegea. Mwenyekiti akasema basi si wizi, kadi isahihishwe, kila mtu abaki na ng'ombe wake. Ilikuwa imekwisha. Nilishaanza kukunja karatasi.

Ma Adventina akasimama. "Waitu mwenyekiti, mimi sikubali."

Watu wa mlangoni wakasogea ndani.

Akasema deni lake hajalilipa. Kamati ilidai ndama wa ng'ombe wao, naye alitoa wa kwake. Alimtoa kwa nia njema, lakini alikuwa wa kwake. Kwa hiyo Ta Projestus amchukue yule wa Ijumbi, ng'ombe halisi kama anavyomtaka. Ameshakuja naye, yuko nje amefungwa kwenye mti. Na yeye arudishiwe ndama wa Bihogo.

Sikulijua hilo. Hakuniambia. Nilichungulia mlangoni na kweli alikuwepo, namba 4, mbavu zinaonekana, anatafuna tawi la mti wa watu.

Ta Projestus alivuta koti lake. Alisema labda lisifanywe kwa haraka. Alisema kila mtu ameshamzoea ng'ombe wake. Mwenyekiti akamwuliza, kwa upole mkubwa sana, kama bado anasema aliye naye ni bandia. Watu wa mlangoni walianza kucheka kabla hajajibu. Alitazama upande wangu, mimi niliyempimia lita tano na nusu kila wiki na kumwandikia kwenye daftari lake. Hakuweza kusema ndiyo na hakuweza kusema hapana.

Wakaandika mabadilishano. Wote wawili wakaweka dole gumba ingawa wanajua kuandika. Mwenyekiti ndivyo anavyopenda.

Nilifurahi. Halafu nikakumbuka jedwali langu.

Jumatatu, 15 Julai

Msimamizi amekasirika na ana haki. Wanyama wawili wamehama zizi, maji na malisho, wiki sita kabla ya kipimo cha mwisho. Hawafai tena. Namba 4 nje. Namba 7 nje. Kumi wamebaki, na kumi ni wachache kuliko kumi na wawili waliokuwa wachache. Ng'ombe wangu bora ataingia kwenye kiambatisho, aya moja, pamoja na maelezo kwamba mtafiti alishindwa kudhibiti mazingira.

Aliniuliza kwa nini sikupinga kwenye kikao. Mwanasayansi angesimama, alisema. Nikamwambia nilikuwa nimeshakaa chini.

Inaniuma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Miezi kumi na nne ya kazi.

Jumanne, 23 Julai

Vipimo. Ng'ombe kumi. Kagoma sikuingia kwa Ta Projestus kwa kuwa sina sababu tena. Nilimwona barabarani na mzigo wa majani ya migomba kichwani, ananenepesha namba 4. Tulisalimiana. Aliniita daktari, kwa namna ya kunikomoa.

Jumamosi, 3 Agosti

Ijumbi, bila sanduku la barafu. Nilikuwa napita kutoka mkutano wa wafugaji.

Wanawake wanachuma kahawa kwa Ma Adventina, saba au wanane, kelele tupu. Walinipa kikapu. Nikachuma kidogo, vibaya, mmoja akanionyesha jinsi ya kutoumiza tawi.

Namba 7 yuko nyuma ya nyumba. Amepungua. Hali vizuri, anaangalia njia ya Kagoma na kulia. Lita mbili, Ma Adventina aliniambia bila kuulizwa. Jioni hata mbili hazifiki. Na ana miaka, huyu. Pengine atazaa mara moja tu tena, pengine hatazaa, na akizaa inaweza kuwa dume. Nilimweleza hayo yote kwa sababu nilidhani hajui.

Alikuwa anajua. Alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe, anatoa kupe mmoja mmoja na kuwaponda kwa jiwe.

Nilimwuliza kama hajutii maziwa.

"Maziwa nitanunua kwa jirani," alisema.

Akaendelea na kupe. Wanawake walimwita, hakuitika. Niliondoka saa tisa. Barabara ilikuwa kavu na vumbi jingi mpaka Bukoba.